Mwalimu wa Vyeo

Malaba,
Jumapili, 6 Machi 1977

Kwako dada yangu Apeduno,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Natumaini wauguzi wa hapo Nangina wanakutunza, homa imekuachilia, na mtoto ananyonya vizuri. Omoding aliyetoka kukuona alituambia ni msichana, ati ana sauti ya kuamsha wodi nzima, na mama alicheka mpaka akakaa chini. Sisi huku miili ni mizima na chakula kipo, ila nikisema nina amani nitakuwa nadanganya. Tangu Jumanne sijalala vizuri, ndiyo maana unaona mwandiko huu kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Nisamehe.

Najua unachosubiri ni habari za Ekisa. Mume wako yu hai. Hilo nimelipata jana, na nitakueleza nilivyolipata, lakini niruhusu nianze mbali kidogo, maana nikianza karibu nitaogopa na kuichana karatasi.

Unalikumbuka darasa langu la ngumbaru pale nyuma ya kanisa. Mwaka jana wachuuzi walinijia wakasema a, e, i, o, u zingoje kwanza, wao wanataka majina ya wakubwa. Wanavuka kila siku na chumvi na sabuni, na askari wa ng'ambo, upande wa Uganda, wanataka kuitwa kwa vyeo vyao, tena kwa Kiingereza, la sivyo ni kofi. Nikafurahi, unanijua nilivyo na kujidai. Nikachora mabega na mikono ubaoni. Asiye na mstari ni praiveti, maana yake mtu wa kawaida tu. Mistari miwili ni koplo. Mitatu ni sajenti, na nikawaambia kwamba kwa Wazungu wa zamani neno hilo lilitokana na mtumishi. Akina mama walicheka sana, wakauliza mbona watumishi hawa ndio wanaotumikiwa. Luteni ni anayeshika nafasi ya mwingine. Nyota tatu begani ni kapteni, yaani kichwa, na juu ya kapteni kuna meja, mkubwa zaidi.

Hapo ningefunga kitabu, lakini wapi! Unajua tabia yetu hapa mpakani. Karani tunamwita meneja, msaidizi wa chifu tunamwita chifu mwenyewe, na hakuna anayekasirika kupandishwa. Basi nikawafundisha hivyo hivyo: ukimwona koplo mwite sajenti, ukimwona kapteni mwite meja. Mpandishe ngazi moja, atatabasamu, utapita. Na kweli walipita mwaka mzima. Ekisa ndiye aliyekuwa hodari kuwashinda wote. Kapteni mmoja wa pale kwenye kizuizi cha barabara alimzoea kabisa, kila akiitwa Meja anacheka na kumwonyesha njia.

Jumanne asubuhi tulivuka pamoja, yeye mbele na katoni mbili za sabuni kwenye baiskeli, mimi nyuma na baiskeli yangu nikienda kutafuta ndizi. Hatukujua kwamba wiki hiyo wakubwa wa jeshi la huko walikuwa wanatiliana shaka, ati kuna wanaotaka kupindua serikali na tayari wamegawana vyeo. Kizuizini kulikuwa na gari limesimama, na ndani yake ameketi meja wa kweli. Ekisa hakumwona. Alivua kofia, akamsalimia yule kapteni wake kwa sauti kama kawaida, akamwita Meja.

Mungu wangu, dada! Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Kapteni alianza kusema huyu ni mjinga tu, lakini yule mkubwa alishuka garini polepole akamuuliza Ekisa cheo hicho kilitolewa lini, na nani, na imekuwaje mchuuzi wa Kenya akijue kabla yake. Kapteni alinyang'anywa bastola palepale. Ekisa alipigwa kitako cha bunduki, akaulizwa ni nani aliyemfundisha kusema hivyo.

Nilikutumia ujumbe kwamba alikamatwa kwa ajili ya sabuni. Nilikudanganya. Nilikuwa hatua kumi nyuma yake. Alijibu kwamba hakufundishwa na mtu. Wakampiga tena, akajibu vilevile, na hakugeuza shingo kunitazama hata mara moja. Na mimi mwalimu wake nilifanya nini? Niligeuza baiskeli nikarudi Kenya taratibu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ni woga, dada, woga mtupu.

Jana Benta, yule anayeuza uji karibu na kambi yao, alivuka kuniletea habari. Alimwona Ekisa akichota maji, jicho moja limefumba. Kapteni haonekani tena na hakuna anayethubutu kuuliza. Mlinzi alimwambia Benta kwamba hawakumwamini Ekisa, wanamtaka huyo aliyemfundisha. Akifika kabla ya kesho adhuhuri na kujieleza, mchuuzi ataachiliwa. Asipofika, Ekisa atapelekwa Kampala, na waliopelekwa kwa mambo kama hayo hawajarudi hata mmoja.

Huenda ni mtego watushike sote wawili. Nimeliwaza hilo mpaka kichwa kinauma. Nilimwendea chifu wetu, naye akasema mamlaka yake yanaishia kwenye daraja la mpakani. Kwa hiyo nimechukua daftari la mwanafunzi mmoja, lenye masomo yale yote na tarehe zake, niwaonyeshe kwamba lilikuwa darasa tu, halikuwa na siri, na kwamba kosa la kuwapandisha watu ni langu. Navuka kesho saa mbili asubuhi. Ukisoma barua hii nitakuwa nimeshafika kwao. Naogopa, Apeduno. Mama nimemwambia naenda Busia kununua chaki.

Unilaumu mimi, una haki. Ekisa usimlaumu kwa lolote. Akifika nyumbani peke yake, mpokeeni kwa furaha, na asimwone mtu yeyote akichungulia barabara nyuma yake.

Mbebe mtoto kwa niaba yangu, na wasalimie wagonjwa wenzako wote wa hapo wodini. Mungu akupe nguvu.

Ni mimi mdogo wako,
Ochom