Joho la Ng'ombe Wanne

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza ukorofi wake. Mama naye mpe shikamoo yangu, na unieleze macho yake yanaendeleaje tangu apate miwani. Mimi mwili hauna neno. Nimeshika kalamu badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanichekesha, na nikishacheka nasahau nilichotaka kusema.

Habari uliyonipa juzi imeninyima usingizi: kwamba umepata mnunuzi wa shamba la bondeni, ili mdogo wangu naye akasomee sayansi ya wanyama, nyumba iwe na madaktari wawili. Umesema mnunuzi anakuja kusaini Jumamosi ijayo. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hajafika, hata ikikukera njiani.

Nilikwambia niko kampuni ya kuku, kitengo cha ubora. Huo ni ukweli uliopakwa rangi. Niko kiwanda cha kutotolea vifaranga, chumba cha joto chenye harufu ya mayai viza, nasimama mezani toka asubuhi hadi jioni. Namshika kifaranga, namkunjua bawa, natazama manyoya: jike kushoto, dume kulia. Majike wanauzwa kwa wafugaji wa mayai. Madume hawatagi, kwa hiyo wanaingia kwenye gunia. Kazi hii nilifundishwa kwa asubuhi moja na mama mmoja aliyeishia darasa la saba, na kwa kuwa tunalipwa kwa trei, ananizidi kipato karibu mara mbili. Msimamizi ananiita Profesa. Siku ya kwanza niliingia na viatu vya nje, akauliza mbele ya wote kama chuoni hawakutufundisha kuvua viatu. Walicheka, nami nikacheka nao.

Usidhani nilikuwa nachagua kazi. Miaka mitatu nimebisha hodi ofisi baada ya ofisi. Wakiniuliza kama natibu, nikasema sitibu, wanajibu wanatafuta daktari. Wenye mashamba makubwa wanamtaka mwenye stashahada, maana mshahara wake ni mdogo. Nilipowaambia nitaupokea huo huo mdogo, walisema nitawakimbia. Uliuza ng'ombe wanne wa maziwa, Baba, mmoja kila mwaka wa masomo. Leo nikiweka mshahara wangu wote, bila kulipa chumba wala kula, itanichukua mwaka na zaidi kumrudisha mmoja tu. Na mimi ninakula.

Umeona nimeandika kwamba sitibu. Mimi si daktari, Baba, na sijawahi kuwa. Tulifundishwa kulisha wanyama na kuwazalisha. Wanaotibu wana masomo yao mengine na jengo lao lingine. Siku ya mahafali uliponiita Daktari mbele ya wajomba, nilitaka kukusahihisha, lakini ulikuwa umevaa koti lako la harusi, na sikuwahi kukuona na furaha kama ile. Nikasema moyoni nitakwambia tukifika nyumbani. Tulipofika, majirani wote walikuwa wameshaambiwa.

Sasa nifike kwa Kidoti, yule ng'ombe wako wa mwisho. Alipozaa, kesho yake akalala na kushindwa kuinuka, ulinipigia saa sita mchana, nikiwa na kifaranga mkononi. Ulisema bwana mifugo yuko kwa jirani anachanja mbwa, Mama anataka aitwe, ila wewe umekataa, ya nini kumwita mtu baki na daktari tunaye. Niliijua ile hali. Ng'ombe wa maziwa akishazaa huweza kuishiwa madini mwilini, na dawa yake ni chupa moja ya kuingizwa mshipani. Swali lake nililijibu kwenye mtihani nikapata alama za juu. Lakini chupa hiyo sijawahi kuishika, na kusema bwana mifugo aitwe kulikuwa ni kukiri kwamba siwezi. Niliona aibu. Nikakwambia umpe maji ya chumvi, apumzike, ataamka mwenyewe.

Alikufa kabla jua halijazama. Ukapiga tena, na ukawa wewe ndiye unayenipa pole. Ulisema, "Kama wewe umeshindwa, mwanangu, hakuna ambaye angeweza." Bwana mifugo angeweza, Baba. Alikuwa ng'ambo ya ua.

Shamba usiliuze. Mdogo wangu ana kichwa kuliko mimi; mkalishe chini umuulize mwenyewe anataka nini, kwa maana mimi sikuulizwa, na sikufungua mdomo. Ukinikasirikia nitaona ni haki yangu. Ninachoogopa ni ukimya wako.

Wasalimie wajomba, na ile picha yangu ya joho uishushe ukutani kabla wageni hawajaiulizia tena. Mtunzeni ndama wa Kidoti. Akiugua, usinipigie mimi. Mwite bwana mifugo.

Ni mimi,
Kifungua mimba wako