Upondo Uliosimama Mtoni

Garsen, ng'ambo ya mto
13 Februari 1956

Dada yangu Mwanaarusi,

Salamu nyingi zikufikie huko Chara, wewe na mjukuu wetu Binti anayekusomea. Mimi ni mzima wa kuandika tu. Miguu imevimba hadi magotini, na dresa aliyekuja kunipima alisikiliza moyo wangu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nina jamaa walio mbali. Nikamwambia nina dada. Akasema nisichelewe kukuandikia.

Basi nimejiwekea jambo. Kila wiki nitafanya kitu kimoja ambacho sijawahi kukifanya, na kisiwe mbali kuliko fimbo yangu inavyoweza kunifikisha. Nimekuwa karani miaka thelathini, nimeandika habari za watu toka Kipini hadi Nanighi, na sijui jirani yangu anakula nini. Wiki ya kwanza niliketi na wanawake kusuka ukili. Walicheka mpaka mmoja akalala chini. Wiki ya pili niliingia kwa Qabale, yule mama wa Kiorma anayeniletea maziwa. Miaka kumi na moja ananiletea, na sikuwahi kuvuka kizingiti chake. Akaniuliza, "Karani, leo umepotea njia?" Nikanywa maziwa kwenye kibuyu chake chenye harufu ya moshi, nikakaa hadi adhuhuri.

Niambie hali yako na ya shamba.

Kakako,
Mahmud

Chara
1 Machi 1956

Kaka Mahmud,

Nakushika miguu. Sisi wazima, ila goti langu. Mpunga umetoka vizuri na ndege wameshapata habari.

Binti aliposoma mambo ya ukili nilimwambia arudie. Wiki ijayo utataka kusukwa nywele, nazo huna. Kama unatafuta kazi mpya, kaamie ndege shambani kwa mtu. Hilo hujawahi, maana sisi tulipokuwa tukipiga makelele kondeni wewe ulikuwa Lamu na vitabu vyako.

Miguu hiyo inanitia wasiwasi. Ningekuja kukutazama, lakini wajua. Tangu mwanangu Athman achukuliwe na mto sijatia mguu mtumbwini, na nyumba yako iko ng'ambo. Miaka arobaini na minne, na kila nikiwaza kuvuka namwona kiboko yule aliyewapindua. Wewe ulinusurika naye, unavuka. Mimi ambaye sikumwona, siwezi.

Nduguyo,
Mwanaarusi

Garsen
15 Machi 1956

Dada yangu,

Natumaini goti limepoa. Mimi pumzi imepungua, lakini nakula.

Nimeamia ndege kama ulivyoniagiza. Kombeo lilirusha udongo nyuma yangu, likampata mbuzi.

Wiki hii nimejifunza kusukuma mtumbwi kwa upondo. Mwalimu wangu ni Kadii, mjane wa Kigiriama. Walipohamia hapa kutoka kusini alikuwa mtu mzima, na mto hakuujua. Nilimwuliza aliwezaje. Akasema, "Niliwaambia sijui, wakanifunza. Walinicheka siku tatu, ya nne wakachoka." Alinishika kiuno kama mtoto, kwenye maji ya magotini. "Mzee, upondo ukinasa topeni, uuachie. Usiung'ang'anie. Mtumbwi utaondoka, wewe utabaki."

Nimelirudia neno hilo siku nzima. Nilitaka nawe ulisikie.

Kakako,
Mahmud

Chara
26 Machi 1956

Kaka,

Salamu. Sisi wazima.

Binti amenisomea barua yako mara tatu. Umesema umejifunza.

Asubuhi ile nilitaka kumvusha mtoto mwenyewe. Ukaniambia, "Lete, mimi ni mwanamume." Nikakupa upondo kwa mkono wangu huu. Na walipokuja kukuokoa walikukuta umeushikilia katikati ya mto, umesimama wima, na mtumbwi umeshafika kwenye matete. Kiboko akipindua mtumbwi, upondo hausimami.

Nijibu. Anijibu kaka, si karani.

Mwanaarusi

Garsen
5 Aprili 1956

Dada yangu Mwanaarusi,

Safari hii sikuulizi hali. Sina haki hiyo mpaka niseme.

Hakukuwa na kiboko.

Nilipelekwa Lamu nikiwa na miaka sita, nikarudi nina ishirini na tatu. Nilijua hesabu, Kiarabu na Kiingereza, na sikujua jambo ambalo kila mtoto wa mto huu analijua kabla hajang'oka meno. Niliona haya. Kwa wiki mbili, kila nikivushwa nilijifanya nasoma. Asubuhi ile ulikuwa na mimba ya mwanao Tuneya, umechoka, na kumwambia mdogo wangu "sijui" kulinishinda.

Tulifika katikati, upondo ukanasa. Nikauvuta, haukutoka. Nikaung'ang'ania, na mtumbwi ukateleza chini ya miguu yangu, ukalala upande. Athman alikuwa ameketi mbele na kikapu cha mahindi. Akiwa majini aliniita mara moja, "Mjomba." Ningeuachia ningemfikia, alikuwa karibu kama kitanda na mlango. Sikuuachia.

Watu walipofika walikuwa wakiuliza, "Kiboko? Ni kiboko?" Nikasema ndiyo. Kisha Godhana, mumeo, akachukua chusa. Aliua watatu, na kila mmoja alimtazama akasema, "Siye." Akaacha shamba, akapanda na mto hadi Ndera, hadi Nanighi, homa ikamkuta huko. Alikuwa akimtafuta mnyama asiyekuwepo, nami nikijua. Na mimi ndiye niliyekuandikia barua ya kukupa pole.

Haya mambo ya kila wiki niliyaanza nikijua yataishia wapi. Nilizunguka kwa ukili na maziwa kwa sababu niliogopa kufika mtoni. Sikuombi unisamehe. Nimetaka ujue nikiwa bado hai wa kukasirikiwa.

Mahmud

Chara
30 Mei 1956

Kaka,

Mfungo umekwisha, Idd imepita, sikukupa mkono. Barua yako niliisikia mara moja, nikamwambia Binti aifiche.

Athman ni wa Mungu. Maji huchukua hata watoto wa wanaoyajua. Ya Godhana siwezi kuyaachilia. Alikuwa akirudi na chusa ina damu, anaketi mlangoni, ananiuliza, "Kakako alisema kovu lilikuwa sikio gani?" Maana ulimpa na kovu. Ulimpa alama ya kumtafutia. Hilo hukuliandika, na mimi nilimjibu kila mara, la kushoto.

Sijakusamehe. Lakini nikingoja nikusamehe kwanza, nitakuta kaburi. Maji yanapungua. Ijumaa, tarehe 15 Juni, nitafika upande wa madukani na Binti. Uwe mtumbwini. Anayejua akulete, kisha ashuke. Upondo nitaushika mimi. Sijaushika tangu siku ile, nadhani mikono haijasahau. Ila kabla sijaushika, uniambie mbele ya macho yangu lile neno uliloninyima asubuhi ile. Liwe jambo lako jipya la wiki.

Mwanaarusi

Garsen
12 Juni 1956

Dada yangu mpenzi,

Barua hii haitiwi stempu. Nimempa Kadii. Nisipokuwamo mtumbwini Ijumaa, atakupa mkononi, na Binti akusomee hapo ukingoni kabla hujavuka.

Kovu ni kweli. Godhana aliniuliza mnyama alikuwaje, nikahofu kwamba kiboko asiye na alama hataaminika. Nikasema sikio la kushoto. Nilisema upesi, bila kufikiri, kama mtu anayeandika jina la mwingine kwenye daftari. Niliacha kulitaja katika barua ile kwa sababu ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

Usishangae mwandiko. Jana walinibeba hadi ukingoni nijaribu kuketi mtumbwini, kifua kikakataa. Kesho tutajaribu tena. Wametandika mkeka wa wale wanawake. Ukiona mahali ukili umepinda, hapo ni mimi. Mtumbwi umetulia. Kadii anasema Ijumaa maji yatakuwa ya kiunoni, si zaidi.

Lile neno nimekuwa nikilisema peke yangu tangu uliponiagiza, lisije likakwama. Nikiwepo utalisikia. Nisipokuwepo, ni hili:

Sijui, Mwanaarusi. Chukua wewe.

Kakako,
Mahmud