Asali Iliyokaa Kwenye Buti

Githongo,
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu mpendwa Cicily,

Kwanza atukuzwe Mwenyezi Mungu, anayejua kipimo cha kila kitu, kwa kunijalia pumzi na mkono wa kukuandikia. Nakusalimu wewe, shemeji yangu Njeru na wote wa nyumbani kwenu. Mvua imefika Siakago, au bado mnaitazama huku kwetu mlimani? Na magoti yako yanaendeleaje? Sisi tu wazima. Kahawa imechanua, na Alice anakusalimu sana.

Najua unachongojea. Tangu ulipotuletea posa ya kijana Munyi kwa ajili ya binti yetu Karimi, hujapata kwangu ndiyo wala hapana, na juma lililopita ulimwambia Alice kwa simu kwamba wazazi wa kijana wameanza kutazama kwingine. Nivumilie kidogo. Jibu lilikuwa njiani, ila lilipitia gereji.

Gari langu lilianza kuvuta kushoto. Nikilegeza mkono tu, laelekea kwenye migomba ya watu. Nikalipeleka Nkubu kwa fundi Kagure, yule binti mcheshi niliyemfundisha masomo ya ubatizo. Siku hizi ana mashine ya kulinganisha magurudumu, na mdomo ni ule ule. Alibadilisha kiungo kilicholegea, akarekebisha, akanipa karatasi ya vipimo. Gari likanyooka. Lakini nilipovaa miwani nikaona kwamba gurudumu la kushoto halikulingana sawasawa na la kulia, na hakuna lililosoma sifuri. Kesho yake nikarudi kudai sifuri yangu.

Kagure akapima tena bila kugusa kitu, na tarakimu zikasogea kidogo. Akanieleza kwa subira kwamba mashine nayo ina mwisho wa uhakika wake. Akasema kiwanda chenyewe hakidai namba moja. Hutaja namba ya katikati, kisha huruhusu nafasi kidogo huku na huku, na hata magari mapya hutoka kiwandani yakitofautiana ndani ya nafasi hiyo. Tena gari kama langu halitakiwi kabisa kuwa sifuri: magurudumu ya mbele huelekezwa ndani kidogo, kwa kuwa yakianza kwenda, barabara huyasukuma nje.

Nilimjibu kwamba mimi nimefundisha maisha yangu yote kuwa unyofu hauna karibu-karibu. Akasema, “Mwalimu, mimi nanyoosha gari, roho nimekuachia wewe. Na ukizidi kuifuata hiyo sifuri kutoka Githongo hadi hapa, matairi yataisha kabla hujaipata.” Wateja wakacheka, na Mzee Mbaabu, aliyekuja na trekta lake, akacheka kuliko wote.

Ili aniridhishe, Kagure akakubali kupima mara ya mwisho. Akataka gari liwe tupu, maana vipimo vya kiwanda ni vya gari lisilo na mzigo. Nikasema halina mzigo. Akafungua buti la nyuma, akaukuta mtungi wa asali.

Hapa, Cicily, sina budi kukufunulia jambo. Ile asali ya posa waliyoileta wazee wa Munyi haikuwahi kuingia nyumbani mwangu. Unajua desturi yetu: ikivuka mlango wa baba wa binti, amekubali, ikirudishwa, amekataa. Mimi sikuthubutu lolote kati ya hayo. Nilimwambia Alice nimeiweka mahali salama, kumbe natembea nayo kwenye buti, kanisani, sokoni na matangani. Wote pale gereji walijua kwa kamba yake tu kwamba mtungi ule ni wa posa. Mzee Mbaabu akasema asali hiyo imehudhuria mazishi mengi kuliko mchungaji.

Kagure akauliza kijana ana kasoro gani. Nikasema ni wa dhehebu jingine, anatoka huko kwenu kwenye joto, na hucheka kwa sauti kubwa mno. Akauliza kama anasali. Nikasema anasali. Kama anafanya kazi? Anafundisha, na nyuki anafuga. Karimi je, anamtaka? Nikakiri kwamba anamtaka kupita kiasi. Kagure akanigeuzia kioo cha mashine. Kila namba ilikuwa kwenye kijani, rangi ya nafasi inayoruhusiwa, na hakuna hata moja iliyokuwa sifuri.

Nilirudi nyumbani nikiushika usukani kwa vidole viwili. Alice aliponiona nikiutoa mtungi kwenye buti, akauliza kama hapo ndipo mahali salama. Kisha akanikumbusha kwamba siku nilipokwenda kwao nilikuwa na koti la kuazima na kigugumizi, na baba yake hakuitisha mashine. Tukavuka mlango. Karimi alilia, akacheka, akaleta vikombe. Tumeionja, dada yangu. Inanukia maua ya mgunga.

Basi waambie wazazi wa Munyi waje, na wewe uwatangulie. Kijana naye aje acheke apendavyo. Nyumba yetu ina paa imara.

Mungu wa amani ainyooshe njia yenu hadi mlangoni petu, ayaponye magoti yako, awanyeshee mvua ya kutosha, na aibariki nyumba ya Njeru, wakubwa kwa wadogo. Amina.

Ni mimi kaka yako,
Thuranira