Kikombe cha Brayo

Jumanne, 14 Mei

Leo nitaandika yote, hata sehemu ya aibu.

Brayo, mdogo wangu wa mwaka mmoja, anaharisha tangu jana. Mchana alikuwa analia bila machozi. Mama akakoroga kwenye maji pakiti ya chumvi na sukari tuliyopewa zahanati, nami nikamnyang'anya kikombe. Wiki jana darasani tuliweka kipande cha kiazi kwenye maji ya chumvi, kikanywea, kwa sababu chumvi ilivuta maji kutoka kwenye seli zake. Kichwani nikamwona Brayo akinywea vilevile, kama kile kiazi.

"Mama, utamkausha!"

"Haya, daktari wa Kangemi," Mama akasema, lakini hakukichukua tena kikombe. Hapo ndipo nilipoogopa, maana aliniamini.

Tukamwita Mama Nekesa, mhudumu wa afya wa mtaa wetu wa Kangemi. Nilipomweleza habari ya kiazi, alicheka hadi akashika ukuta.

"Kiazi chako kilikuwa kwenye chumvi nyingi, mami. Hii imepimwa. Na seli za utumbo ziko na milango: sukari na chumvi zikifika pamoja zinaingia, maji yanafuata. Mpe, kijiko kwa kijiko."

Nilimpa mwenyewe. Kufikia jioni alikuwa amenikojolea sketi ya shule, na Mama akapiga vigelegele: maji yalikuwa yamemwingia mwilini. Sijawahi kufua kwa furaha hivi.

Mama Nekesa aliondoka kabla sijamuuliza, kwa hiyo kesho nitamngoja mwalimu wa sayansi getini, na sitaondoka bila jibu: mlango wa seli hauna macho, sasa unajuaje kwamba sukari na chumvi zimefika pamoja?