Upande wa Kushoto wa Picha ya Jilala

KITUO CHA POLISI BARIADI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Method Thomasi. Umri: miaka 38. Kabila: Msukuma. Dini: Mkatoliki. Kazi: fundi baiskeli. Makazi: Dutwa. Tarehe 12/06/2025, saa 4:20 asubuhi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Marehemu Ng'washi, miaka 69, alikuwa mdogo wa mama yetu mzazi. Mama alipofariki tukiwa wadogo, yeye alihama Migato akaja Dutwa kutulea, mimi na kaka yangu Jilala. Tulimwita Mayu, yaani mama. Sina mama mwingine ninayemkumbuka.

Mnamo Agosti 2021 Jilala aligongwa na pikipiki, akaanguka kwa kichwa. Alipigwa picha siku ile, tukaambiwa kichwa ni kizima. Mwaka juzi akaanza kupotea njia ya kwenda shambani kwake mwenyewe. Mikono ikatetemeka. Akasahau jina la mkewe, Veronica. Mayu ndiye aliyekuwa akimlisha, na watu wakaanza kunong'ona kwamba anayemlisha ndiye anayemmaliza.

Mnamo tarehe 3/6/2025 nilimpeleka Jilala Mwanza kwa watafiti wanaochunguza watu walioumia kichwa. Nilitaka kitu kimoja tu, karatasi ya kuwaziba watu midomo. Jilala aliingizwa kwenye mashine inayofuatilia maji yanavyopita kwenye nyuzi za ubongo. Dokta Nancy alinieleza kuwa nyuzi zikiwa nzima maji hufuata njia yake, na zikikatika hutawanyika hovyo. Nilimwelewa upesi, maana hata waya wa breki huchanika ndani huku gamba la nje linang'aa. Nikauliza, "Na dawa yake?" Akasema, "Hakuna, kaka Method. Bado tunajifunza. Labda watakaokuja watasaidika." Akanipa nakala ya picha moja yenye rangi nyekundu, kijani na bluu, na sehemu moja iliyopauka. Akanionya kuwa picha hizi husomwa kama vile umekaa ukitazamana na mgonjwa: kushoto kwa picha ni kulia kwake.

Jumapili tarehe 8/6/2025, saa 9 alasiri, ukoo ulikutana nyumbani kwa baba mkubwa Ndalahwa kumtafuta anayemloga Jilala. Nikaweka picha mezani nikasema, "Ni ile ajali. Hakuna mkono wa mtu hapa." Baba mkubwa akaichukua akampa mganga Shija. Yule mzee hakujali rangi. Aliishika kama anavyoshika kifaranga aliyempasua kwa ramli, akatafuta upande ulioharibika. Kwetu hata mtoto anajua kwamba kulia ni ukoo wa baba, kushoto ni ukoo wa mama. Akaweka kidole. "Kushoto."

Baba mkubwa akasema, "Hata mashine ya Mwanza imemwona." Upande wa mama yetu alikuwa amebaki mtu mmoja tu.

Nikasema, "Baba mkubwa, picha haijui ukoo." Akanijibu, "Wewe ndiye uliyeileta."

Hapo nikakumbuka onyo la dokta. Herufi R, alama ya mkono wa kulia wa mgonjwa, ilikuwa kando ya kidole cha mganga. Nilifungua mdomo. Kisha nikamwona shangazi Kija, dada wa baba, amekaa mkekani akichambua mlenda. Ni mzee kuliko Mayu, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, yale watu wanayoyaita ya kichawi, na ndiye bibi pekee aliyebaki upande wa baba. Ningesema picha imesomwa kinyume, kwamba pale ni kulia kwa Jilala, kidole kingehamia kwake. Nikanyamaza. Nilijidanganya kuwa Mayu atafukuzwa tu arudi Migato, nami nitakuwa namfuata kwa baiskeli.

Jumatano tarehe 11/6/2025, saa 5 asubuhi, Veronica alikuja mbio senta, ninapofanyia kazi, akilia. Nilimkuta Mayu kwenye shamba letu la pamba, amelala kifudifudi, amekatwa panga shingoni, ameshakufa. Sikumwona aliyefanya na simjui. Majirani walikuwa wakivuna hatua thelathini kutoka pale. Wanasema hawakusikia kitu. Jilala alikuwa amekaa kando yake akimfukuzia inzi. Aliniuliza, "Huyu mama ni wa nani?"

Afande ameniuliza kama yupo mwingine anayejua kuwa picha ilisomwa kinyume. Hayupo. Afande ndiye wa kwanza niliyemwambia.

Jana jioni shangazi Kija aliniletea ugali. Akasema Mungu ashukuriwe, mashine imesema kweli, sasa Jilala atapona. Niliula wote.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na ndiyo niliyoyanyamazia. Nimesomewa yote, ni maneno yangu.

Sahihi: Method Thomasi

Yameandikwa nami, WP Koplo Elizabeth, na kukamilika saa 6:05 mchana. Shahidi amekabidhi picha moja ya rangi, imepokelewa kama kielelezo. Alipotakiwa kuonyesha upande wa kulia wa mgonjwa, alionyesha kushoto kwa picha bila kusita.