Mashine Zako Hazikuuzwa, Mama

Mama,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu ulinilea hivyo, hata kama leo marahaba itabidi niiitikie mwenyewe.

Habari kubwa naitoa mwanzoni, maana hukuwa unamvumilia mtu wa kuzungukazunguka: zile mashine zako mbili za kukaushia nguo hazijauzwa. Zipo palepale Sekei, chumba cha nyuma cha duka letu la udobi. Na aliyeziokoa ni mimi, Neema, yule uliyesema mikono yake inafaa kukunja mashuka tu.

Ilibaki kidogo ziende. Ulipotuacha, Mama Mdogo Ndeshi ndiye aliyebaki mkubwa wa kazi, na mdogo wako unamjua, hana subira. Baridi ilipoingia, umeme ukawa unakwisha kabla hatujamaliza kuuingiza. Hoteli zinataka mashuka yao, nje manyunyu hayakatiki, na mzigo mmoja unakaa mashineni asubuhi nzima. Kuta za chumba zilikuwa zinatoka jasho. Mama Mdogo akasema, "Hizi mashine zimezeeka, zinatunyonya tu." Akapata mnunuzi wa Moshi, akasema mwisho wa mwezi aje azichukue. Mwanaidi, aliyekupigia pasi miaka yote ile, akaanza kuulizia kazi kwingine. Mimi nikawa najifungia chooni nalia.

Sasa hapa Mama, naomba usinikasirikie. Unakumbuka vitambaa vyako vya kufuma? Ulifunika redio, ukafunika friji, ukafunika mpaka ndoo ya maji ya kunywa. Mashine zilipokuja ukazifumia vya kwao, virefu, vikining'inia mbele mpaka karibu na sakafu, "zisiingie vumbi." Na madirisha ukafunga, "joto lisitoroke." Nani angebisha? Nguo hukauka kwa joto, hata mtoto anajua.

Jumatatu moja Mwanaidi akavua kitambaa cha mashine moja ili akakifue. Siku hiyo mashine ile ikamaliza mapema kuliko mwenzake, na tanki lake la maji likajaa mpaka juu. La mwenzake lilikuwa nusu. Nikachuchumaa kutazama. Pale chini kwa mbele, palipokuwa pamefunikwa, kuna matundu. Mashine hizi hazina bomba la kutoa mvuke nje, Mama. Zinavuta hewa ya chumbani kupitia matundu yale, na hewa hiyo ndiyo inayoupoza mvuke wa nguo mpaka ugeuke maji na kuingia kwenye tanki. Hewa ikiwa baridi, kazi inakwenda haraka. Sisi tulikuwa tumeziziba pua, halafu tunazilaumu kwa kukoroma.

Nikajua. Na bado, Jumanne kitambaa kilipokauka, nilikirudisha. Nilikipanga maua yatazame mbele, kama ulivyokuwa unapenda. Nikakiacha hapo wiki nzima. Kila uzi wake ulipita kwenye vidole vyako. Nguo zako tulishazigawa, kitanda chako kimeshahamishwa... niliona nikitoa na hivi, dukani hutabaki kabisa.

Kilichonisukuma ni yule mnunuzi. Alikuja na futi yake akazipima upana, akazigonga mgongoni, akacheka. Hasira zikanipanda. Alipoondoka tu nikavua vitambaa vyote viwili, nikafungua madirisha ya upande wa mlimani, nikachomoa umeme, nikafungua kale kamlango ka chini na kutoa kipozeo, lile pande la bati lenye mapezi membamba ambapo mvuke hugeuka maji. Mama, limejaa manyoya ya nguo, tena yameshikana! Nililisuuza bombani mpaka nikaona mwanga upande wa pili.

Kesho yake nikamwita Mama Mdogo, nikamwomba asome mita ya LUKU mwenyewe, kabla na baada. Alikaa mzigo mzima wa mashuka, amejifunika shuka la Kimasai, akinung'unika, "Neema, wewe unataka nife kwa baridi ndiyo ufurahi." Mashuka yakatoka makavu, ya moto kama chapati, kabla hajamaliza kikombe cha pili cha chai. Akaenda kusoma mita. Akarudi, akaenda kusoma tena. Kisha akapiga simu Moshi mbele yangu, akaongea Kichaga, na unajua Mama Mdogo akikataa jambo kwa Kichaga hakuna rufaa.

Usidhani nimekukosoa kila kitu. Lile neno lako, "usiupe moto kazi ya mkono," ndiyo sheria mpaka leo. Mashuka tunayakamua mara mbili kabla ya kuyakausha, maana maji yaliyokwisha kutoka hayahitaji umeme wa kuyatoa. Hapo ulikuwa sawa kabla yetu sote. Mwanaidi amebaki, anapiga pasi na masweta mawili na kulalamika kwa raha zake. Vitambaa nimevifua, viko sebuleni nyumbani.

Watu wanasema nimekuzidi. Nakiri, Mama, najivuna, natembea pale Sekei kichwa juu. Lakini kila nikiwasha mashine nafikiria miaka yako. Ulikaushia mahoteli kwa mashine zilizozibwa pumzi, ndani ya chumba kinachotoka jasho, na hakuna mzigo uliowahi kuchelewa. Mimi nimesaidiwa na hewa ya bure. Wewe ulikuwa na ubishi wako tu, na ukaweza. Wewe nakujivunia zaidi.

Nakuaga, Mama. Mtu akiniuliza ilikuwaje miaka yote hiyo, nitamwambia tulikosea, sitasema ulikosea. Na nakuahidi hili: nikikuta kosa lako jingine nitalirekebisha siku hiyohiyo, bila kuogopa kwamba nakufuta.

Mwanao,
Neema