Visu Ulivyotuletea

Kilindoni, Mafia
Jumapili

Kaka yangu Qasim,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi Zenab na watoto, na kwamba joto la Dar es Salaam haliwataabishi sana. Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu kwa kila analolileta. Mvua zimekatika, duka linafunguliwa kila asubuhi, na Mwanahalima bado anatupikia. Anakusalimu.

Utashangaa kupokea karatasi, maana siku hizi hata mkono wa Idi tunapeana kwa simu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na haya nataka uyapate mpaka mwisho. Nimempa jirani yetu Iddi, anavuka kesho kwa boti ya Nyamisati, akukabidhi mkononi.

Bila shaka unavikumbuka vile visu visivyokunjwa, ulivyotutumia pamoja na rangi na mabomba. Kwenye boksi palikuwa na picha ya mlima wenye theluji. Vilipendeza kwa kweli: ala nyeusi, mpini wa kushika vizuri, bapa linalong'aa kama kioo. Baba alivipanga mwenyewe kabatini, akawaita majirani waje waone mzigo wa mwanawe.

Mteja wa kwanza alikuwa Sista Matilda, muuguzi, mtu wa bara, anayependa kutembea kwa miguu. Yeye na wenzake walikuwa wamepanga kwenda mpaka Bweni kwa njia za porini, walale njiani, wapike wenyewe. Kisu chake cha kukunja kiliwahi kujifunga ghafla kikamkata mwenzake, kwa hiyo alitaka kisichokunjwa, kigumu, na cha bei ambayo mshahara wake ungeihimili. Akanieleza jinsi ya kukichagua. Alisema mtu asitazame kung'aa, atazame chuma kinaishia wapi. Kisu cha safari lazima chuma chake kipite ndani ya mpini mpaka mwisho, maana utakata nacho kuni, utachimba nacho, na huko porini hakuna duka. Kisiwe kirefu mno, urefu wa kiganja unatosha, na ala ikibane kisichomoke ukijikwaa. Akakishika chako, akakigonga mpini juu ya meza akiwa amekitegea sikio. Akakirudisha. Alisema kinalia kama debe tupu.

Jioni ile nilikupigia simu. Nilikwambia mteja anasema chuma hakifiki mwisho wa mpini, nikakuuliza kama unajua. Ulicheka. Nakumbuka maneno yako: “Masuma, Mafia kuna mlima gani? Wewe uza.” Kisha ukasema unajua, na kwamba ndiyo maana ulivipata kwa bei ile. Ukakata.

Sista Matilda aliporudi nilikuwa nimemwekea kisu cha Kombo, mhunzi wa Miburani. Kombo anavitengeneza kwa springi za magari mabovu. Ni kibaya kwa sura, cheusi, mpini wa mti uliopigiliwa misumari, lakini ukikitazama ubavuni unaona chuma kimepita kutoka ncha mpaka kitako. Nilimwambia kinashika kutu, akipake mafuta ya nazi kila akimaliza kukitumia. Bei yake ni ndogo kuliko ya chako. Alifurahi, akafungua mkoba.

Baba alikuwa nyuma, kwenye magunia ya saruji. Kumbe alikuwa anasikia. Akatoka akauliza kwa upole kwa nini binti anaacha kisu kizuri anachukua cha mhunzi. Sista Matilda, kwa adabu, akamweleza. Baba akatabasamu lile tabasamu lake la dukani, akasema, “Mwanangu Qasim haleti takataka.” Akachukua kisu chako kabatini, akavuta kipande cha boriti tunachokatia kamba, akaanza kukikata ili amwonyeshe.

Sista Matilda alimwambia, “Mzee wangu, acha tu, nimekuamini.” Mimi sikusema kitu. Nilijua ulichoniambia kwenye simu, na Baba alikuwa akitutazama kwa furaha kila alipopiga, vipande vya mti vikiruka. Nilidhani kitavunjika tu, basi, nami nilitaka aone. Kikavunjika penye mpini. Bapa likadunda kwenye boriti likamrudia usoni.

Lilimwingia jicho la kulia. Sitakueleza lilivyokuwa. Sista Matilda alipiga magoti juu ya saruji, akakishika kichwa chake asitikisike, akaniagiza nilete kikombe safi afunikie jicho. Baba hakulia. Alikuwa akipapasa sakafuni kwa mkono. Nikafikiri anatafuta miwani yake. Alikuwa anautafuta mpini. Alipoupata alinipa, akasema, “Kaufiche. Watu wasijue ni cha Qasim.”

Ninao. Ndani yake mna kijiti cha chuma kifupi kuliko ukucha wangu, na gundi.

Tulimpeleka Dar kwa ndege. Ndiyo, kaka, tulikuwa Dar. Jicho waliliondoa, na lililobaki ni lile lenye ukungu. Tulilazwa karibu na kwako kiasi kwamba watoto wako wangeweza kuja kwa miguu wakitoka madrasa. Baba alinikataza nisikwambie. Alisema utaumia moyo, utaona ni kosa lako. Ndugu wote wameambiwa kwamba alianguka ngazini. Siku ulizopiga, nilipokea mimi, nikakwambia amelala, nawe ukaniuliza visu vinakwendaje.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Asubuhi moja Baba alizinduka akiwa dhaifu sana, akasema ameshindwa, nikuite. Alitaka kukuona kabla hata hilo jicho lililobaki halijafifia. Nilichukua simu nikatoka nayo ukumbini. Jina lako lilikuwa mbele yangu, na nilikusikia ulivyocheka. Sikupiga. Nilisimama pale kiasi cha mtu kuzungumza na nduguye, nikarudi, nikamwambia kwamba nimekupata, nimekueleza yote, na umesema huwezi kutoka kwa kuwa una mzigo unashuka bandarini.

Baba akasema, “Mzigo haungoji.”

Hata hivyo, kila saa ya kuwaona wagonjwa ilipofika aliniomba nimgeuze upande wa mlangoni. Nilimgeuza. Nilimpangusa uso, nikamkalisha vizuri, nikamwacha akitazama wageni wa watu wengine wakiingia. Ningeweza kusema neno moja. Mpaka tunaondoka sikulisema, na mpaka leo anaamini kwamba ulijua, na hukuja.

Sikuombi msamaha, wala sijutii vya kutosha. Miaka yote niliyouza, nikabeba, nikafagia, mwenye kujua mali alikuwa wewe. Lakini nakupa njia. Njoo, kaa mbele yake, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulijua visu ni vibovu na ulinilazimisha niuze. Ukimaliza, nami nitamwambia la simu, ukiwa umekaa palepale. Ukitaka nianze mimi, sianzi. Na usipokuja, basi nilichomwambia Baba kitakuwa kweli, na mimi sitakuwa nimemdanganya.

Sista Matilda alikichukua kile cha Kombo, wakafika Bweni salama. Vyako bado vimo kabatini. Baba hataki viondolewe.

Mfikishie wifi Zenab salamu zangu za dhati, na watoto wabusu vipajini kwa niaba ya shangazi yao. Mola awalinde na kila shari. Salamu za Baba sina za kukupa, kwa kuwa hajui kwamba nimekuandikia. Huniuliza tu, jioni tukifunga, kama mzigo wako umeshashuka. Namwambia bado.

Mdogo wako,
Masuma